Mlinzi wa Joto: Thamostati ya Motokaa katika Nchi za Baridi Kali

Mazungumzo yetu ya leo yahusu kifaa kidogo sana, kienea­cho katika kiganja cha mkono, nacho huitwa thamostati. Kazi yake ni kulinda joto la maji ya injini. Swali tunalotaka kulijibu ni hili: mtu aendeshaye motokaa katika nchi ya baridi kali, achague thamostati ya nyuzi ngapi?

Huenda mwingine akasema, “Jambo hili latuhusu nini sisi tuliozaliwa katika nchi za jua?” Latuhusu kwa sababu wako ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili ambao wamehamia Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani, nao huendesha magari huko kila siku, kwenda kazini na kupeleka watoto shule. Katika mji wa Winnipeg, nchini Kanada, wastani wa joto la mwezi wa Januari ni yapata nyuzi 16 za Selsiasi chini ya sufuri, na ziko siku ambazo baridi hupita nyuzi 30 chini ya sufuri. Katika baridi ya namna hiyo, pumzi za abiria huganda juu ya kioo kwa ndani, na dereva asiyepata hewa ya moto hawezi kuiona njia. Tena gari likiharibika mbali na nyumba za watu, baridi hiyo yaweza kuua. Kwa hiyo neno hili la nyuzi si mchezo wa mafundi tu, bali ni neno la usalama.

Hapana budi tukumbuke pia kwamba mtu ahamapo huhama na mazoea yake. Huku kwetu adui wa injini ni joto. Gari hupanda mlima limejaa mizigo, mshale wa joto hupanda nao, na mafundi wetu wengi, ili kuondoa mashaka, huitoa thamostati na kuitupa. Mtu aliyekulia katika mazoea hayo, akifika nchi ya theluji, yamkini atafanya vile vile, au atanunua thamostati ya nyuzi chache akidhani kwamba injini ipatayo ubaridi ndiyo injini yenye afya. Katika nchi ile mawazo hayo humletea hasara, na sababu zake ndizo tutakazozieleza.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Injini ichomapo petroli hutoa joto jingi, na maji yazungukayo ndani ya chuma chake hulichukua joto hilo. Pampu huyasukuma maji mpaka kwenye rejeta, yapate kupoa kwa upepo, kisha yarudi. Lakini injini iliyowashwa sasa hivi bado ni baridi, wala haifai maji yake yaende kupozwa. Hapo ndipo thamostati ifanyapo kazi ya bawabu. Huufunga mlango wa kwenda rejeta, na maji huzunguka ndani ya injini kwa njia fupi ya kando, na katika magari mengi hupita katika hita iletayo joto chumbani, mpaka yamepata moto wa kutosha.

Bawabu huyu ajuaje saa ya kufungua? Ndani yake mna kikombe kidogo cha shaba kilichojazwa nta. Nta ikiwa ngumu hukaa katika nafasi ndogo. Ikiyeyuka hutanuka na kusukuma kijiti, na kijiti hufungua kilango. Maji yakipoa, nta huganda na kusinyaa, na springi hukirudisha kilango mahali pake. Sergius Vernet, aliyefanya kazi Marekani, ndiye aliyeileta namna hii ya nta katika miaka ya 1930, na mpaka leo magari mengi sana huitumia.

Juu ya thamostati huchapwa tarakimu. Tarakimu hiyo ni kiasi cha joto ambacho kilango huanza kufunguka. Hakifunguki chote kwa mara moja. Hufika mwisho wake yapata nyuzi 10 mpaka 15 baadaye. Tarakimu zilizo za kawaida ni nyuzi 71, nyuzi 82, nyuzi 88 na nyuzi 91. Wamarekani, watumiao kipimo cha Farenhaiti, huziita 160, 180, 190 na 195. Basi mtu akiona 195 juu ya thamostati asishtuke akadhani kwamba maji yake yatakuwa mvuke; ni nyuzi 91 tu za Selsiasi.

Yafaa tukaze neno moja hapa, maana ndilo msingi wa mazungumzo yote. Tarakimu ile ni sakafu ya joto, wala si dari. Thamostati huzuia maji yasipoe kupita kiasi. Haiwashi moto. Moto watoka katika petroli, na dari ya joto huwekwa na rejeta, feni, pampu na wingi wa maji. Kwa hiyo mtu ambaye injini yake huchemka kwa sababu rejeta imeziba, hataponywa na thamostati ya nyuzi chache. Vivyo hivyo mtu ambaye injini yake haitoi moto wa kutosha, hataupata kwa kununua tarakimu kubwa.

Mtu aweza kuuliza, “Ikiwa hivyo, kwa nini zilitengenezwa thamostati za nyuzi 71?” Swali hili lina jibu katika historia. Zamani, katika nchi za baridi, watu walitia alkoholi katika maji ya rejeta ili yasigande. Methanoli huchemka kwa nyuzi 65, na alkoholi ya kawaida kwa nyuzi 78. Injini ikiwa ya moto sana dawa hiyo iligeuka mvuke ikapotea, na maji matupu yaliyobaki yakaganda usiku. Kwa hiyo ilikuwa lazima injini iendeshwe kwa joto dogo. Dawa itumiwayo sasa, iitwayo ethilini glaikoli, yenyewe huchemka kwa nyuzi 197. Ilipoenea, ile sababu ya kuogopa joto iliondoka, na tarakimu zikapanda mpaka 82, kisha mpaka 91.

Sasa tuone madhara ya injini iendayo katika ubaridi. Watu wengi hawajui kwamba petroli ikiungua huzaa maji. Lita moja ya petroli hutoa kama lita moja ya maji katika umbo la mvuke. Mvuke mwingi hutoka kwa bomba la moshi, lakini sehemu yake hupenya kando ya pistoni na kushuka penye oili. Injini iliyo moto huukausha. Injini iliyo baridi huugeuza kuwa matone, na matone hayo yakichanganyika na uchafu wa moshi huwa asidi na tope jeusi linaloziba njia za oili. Tena petroli yenyewe haigeuki mvuke vema penye chuma baridi. Hushikamana na kuta za silinda, huosha oili iliyo pale, kisha hushuka chini na kuipunguza nguvu oili yote. Ndipo pistoni na silinda hulika upesi.

Magari ya sasa yana sababu nyingine tena. Kompyuta ya injini husoma joto la maji kwa kifaa cha kuhisi, na maji yakiwa baridi hudhani kwamba injini ndiyo kwanza imewashwa, ikazidisha petroli. Basi dereva aliyeitoa thamostati, au aliyetia ya nyuzi chache mno, huenda akalipia petroli zaidi katika safari yake yote. Aghalabu taa ya onyo pia huwaka, na fundi akisoma alama yake huona P0128, maana yake maji hayafiki joto lililowekwa.

Baada ya hayo, wengine husema, “Basi tutie ile iliyo kali kuliko zote, tupate kuota moto.” Na tufanye hesabu, kama tufanyavyo darasani. Tuseme hewa ya nje ina nyuzi 30 chini ya sufuri, na hita yaivuta hewa hiyo. Maji ya injini yana nyuzi 82. Tofauti baina ya maji na hewa ni nyuzi 112, na joto liingialo chumbani hufuata tofauti hiyo. Tukitia thamostati ya nyuzi 91, tofauti yawa 121. Tumeongeza 9 juu ya 112, yaani sehemu 8 katika mia. Ni faida, lakini ni faida ndogo.

Sasa tuchukue thamostati iliyokwama ikiwa wazi, hata maji yasipande kupita nyuzi 50. Tofauti yawa 80. Tumepungukiwa 32 katika 112, yaani zaidi ya robo. Hesabu hii yatufundisha kwamba mtu alalamikaye baridi ndani ya gari lake, mara nyingi hahitaji tarakimu kubwa zaidi. Ahitaji mlango unaofungika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe aghalabu ni uchafu mdogo ulioshikwa katika kilango, au springi iliyochoka.

Kuijua thamostati iliyokwama si kazi ngumu. Injini iwashwe asubuhi ikiwa baridi, na mtu aguse mpira wa juu uendao kwenye rejeta, akijihadhari sana na feni na mikanda. Thamostati ikiwa njema, mpira hukaa baridi kwa muda, halafu ghafula huwa wa moto. Ukianza kupata uvuguvugu tangu mwanzo, kidogo kidogo, kilango hakifungi. Katika injini nyingine, nazo ni nyingi miongoni mwa zile za Japani, thamostati hukaa upande wa mpira wa chini, na hapo ndipo pa kupima.

Thamostati iliyotolewa yaweza kupimwa jikoni. Itundikwe kwa uzi katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Maji yakipashwa moto polepole, kilango kitaonekana kikianza kufunguka karibu na tarakimu iliyochapwa. Lakini ile ya nyuzi 91 haitafunguka yote katika sufuria, maana maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100 penye usawa wa bahari, na Nairobi, ulio juu yapata mita 1,700, huchemka karibu na nyuzi 94. Hilo si kosa la thamostati. Wakati wa kuirudisha, ikiwa ina tundu dogo lenye kijipini, tundu hilo lielekezwe juu ili hewa ipate kutoka.

Turudi katika swali letu la nyuzi ngapi. Jibu ni kwamba dereva achague tarakimu aliyoiweka mtengenezaji wa injini kwa nchi ya baridi. Na kama mtengenezaji alitoa tarakimu moja tu, ndiyo hiyo hiyo. Injini nyingine za zamani zilipewa zaidi ya moja. Kwa mfano, zile za Uingereza ziitwazo A-Series, zilizotiwa katika Morris Minor na baadaye katika Mini iliyotoka mwaka 1959, zilikuwa na thamostati ya nyuzi 74 kwa nchi za joto, nyuzi 82 kwa hali ya kawaida, na nyuzi 88 kwa nchi za baridi. Mwenye gari la namna hiyo katika nchi ya theluji atie ya 88 bila wasiwasi. Lakini gari lenye kompyuta lina tarakimu yake, mara nyingi baina ya 82 na 95, na feni na kiasi cha petroli vimepangwa kwa kuifuata. Ziko hata injini ambazo thamostati yake huongozwa kwa umeme na kufanya kazi karibu na nyuzi 105. Mtu asijaribu kuwa mwerevu kuliko hesabu hizo. Akishuka chini, atapata hasara tulizozitaja. Akipanda juu, atapunguza nafasi ya usalama siku atakapopanda mlima na mzigo, au majira ya joto yatakapokuja. Tusisahau kwamba Winnipeg pia ina mwezi wa Julai, na siku nyingine joto lake hupita nyuzi 30.

Walakini yako mambo ambayo thamostati njema haiwezi kuyatenda peke yake. Injini ya dizeli, iachwapo ikinguruma huku gari limesimama, huchoma mafuta machache na kutoa joto kidogo. Katika baridi kali maji yake yaweza kupoa hata kama kilango kimefungwa kabisa, kwa kuwa chuma chenyewe hupigwa na upepo, na hita huchukua lile joto dogo lililopo. Ndiyo maana madereva wa malori wa kaskazini hufunika mbele ya rejeta kwa turubai lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Huacha sehemu wazi, nao hulitazama sana joto la maji, na siku ya jua hulifungua. Tena katika miji kama Winnipeg watu huweka hita ya umeme ndani ya injini, na usiku huichomeka katika umeme wa nyumba au wa uwanja wa kuegesha magari. Asubuhi injini huwaka upesi, na muda wake wa kukaa katika ubaridi hupungua.

Jambo la mwisho ni dawa ya maji, nayo yafungamana na thamostati kuliko watu wadhanivyo. Kilango kikiwa kimefungwa, injini ni moto lakini rejeta imesimama katika upepo wa nyuzi 30 chini ya sufuri. Mchanganyiko ukiwa hafifu, maji yataganda ndani ya rejeta wakati gari likienda. Na kilango kitakapofunguka kitakuta barafu imeziba njia, na injini itachemka katikati ya theluji. Dawa na maji, nusu kwa nusu, hustahimili mpaka nyuzi 37 chini ya sufuri. Sehemu 60 za dawa kwa 40 za maji hufika yapata nyuzi 52 chini ya sufuri. Wala mtu asitie dawa tupu akidhani kwamba nyingi ndiyo bora, kwa kuwa glaikoli isiyo na maji huganda kwa nyuzi 13 tu chini ya sufuri. Tena ni sumu yenye utamu. Iwekwe mbali na watoto na mifugo.

Na nyinyi mliobaki huku kwetu, neno moja. Kuitoa thamostati si dawa hata katika nchi ya joto. Katika injini nyingi kilango kifungukapo, sahani iliyo chini yake huifunga ile njia fupi ya kando, ili maji yote yaende rejeta. Ukiitoa, njia ya kando hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huzunguka pasipo kupoa. Hivyo mtu aliyetaka kuipoza injini yake aweza kuizidishia joto mlimani, na asubuhi za baridi za Limuru au Njombe akaiendesha katika ubaridi uilao.

Basi ndugu aliyeko katika nchi ya theluji na afuate utaratibu huu kabla ya baridi kuanza. Kwanza, apime kiasi cha dawa katika maji. Pili, aone kwamba thamostati yafunga na kufungua, na kama yatiliwa shaka abadilishe pamoja na gaskiti yake. Tatu, asome kitabu cha gari lake na kununua tarakimu iliyoandikwa humo. Nne, asifungue kamwe kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, maana maji yaliyomo yamebanwa kwa nguvu na yaweza kumchoma uso. Akiyafanya hayo, hita itampa hewa ya moto, kioo chake kitakuwa safi, naye ataiona njia aendayo.